Ruta ya pili nyumbani: ipi ununue kwanza

Kama faiba inaishia sebuleni na chumba cha mwisho waifai haishiki, usikimbilie kupandisha kifurushi. Tofali za saruji na nguzo zenye nondo humeza mawimbi, hasa ya GHz 5, hata ukilipia kasi mara mbili.

1. Ruta ya kawaida, kwa waya. Hapa hakuna ubishi. TP-Link Archer C6 ina bendi mbili (GHz 2.4 na 5) na porti za gigabiti, yaani Mbps 1000. Archer C50 nayo ina bendi mbili, ila porti zake zinaishia Mbps 100. Kama kifurushi chako hakifiki hapo, okoa hela uchukue hiyo. TL-WR841N ni GHz 2.4 tupu, iache dukani.

Kazi nyingi huharibiwa na waya. Waya wa mtandao wa Cat5e wa shaba halisi hubeba gigabiti hadi mita 100. Wenye alama ya CCA ni alumini iliyopakwa shaba: kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani, usinunue. Ukibana RJ45 (kichwa cha plastiki cha waya), nyuzi zote nane zifike mwisho. Zikishika nne tu zinazotosha kwa Mbps 100, kasi inashuka hadi hapo huku taa inawaka kama kawaida.

Menyu ya ruta mpya ikiwa na "Access Point" (ruta inasambaza waifai tu), ichague, yamekwisha. Isipokuwa nayo, chomeka kompyuta kwenye ruta mpya ikiwa peke yake. Kama anwani ya ruta ya faiba ni 192.168.1.1, mpya ipe 192.168.1.2, hifadhi, ingia tena kwa anwani hiyo, kisha zima DHCP, kazi ya kuvigawia vifaa anwani, ili ibaki kwa ruta ya faiba. Waya utoke porti ya LAN (ya vifaa vya nyumbani) ya ruta ya faiba uingie LAN ya mpya. Usiuchomeke WAN (porti ya kupokea intaneti): simu ya chumbani haitaiona printa ya sebuleni. Ukisahau kuzima DHCP, simu moja itapata intaneti na nyingine itashika waifai bila intaneti, na utamlaumu mtoa huduma bure. Jina na nenosiri la waifai viwe vilevile kwenye ruta zote mbili. Chaneli za GHz 2.4 zitofautiane: 1, 6 au 11.

2. Meshi, yaani vifaa kadhaa vinavyofanya kazi kama waifai moja. Simu huhama vizuri zaidi ukitembea, ila bei imechangamka. Deco M4 ina gigabiti, Deco E4 haina. Bila waya, kifaa cha pili kikae katikati ya njia, si ndani ya chumba kisichoshika.

3. Adapta za nyaya za umeme. Hupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba, na ni bahati nasibu. Zichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni. Nyumba ya fezi tatu huenda zisionane kabisa.

4. Busta, kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena. Ya bendi moja hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Inamfaa mpangaji aliyekatazwa kutoboa ukuta.

Ukinunua mtumba, soma volti kwenye adapta na chini ya ruta: ya V 12 kwenye ruta ya V 9 inaweza kuiunguza, na ampea za adapta zisipungue zilizoandikwa kwenye ruta.