Bunduki ya upepo ya bei nafuu: nyota mbili, tena kwa shingo upande

Wakuu, kabla hujalipia bunduki ya upepo yoyote iliyoandikwa kwenye boksi "pamoja na darubini", soma kwanza hapa. Uzito, urefu wa mtutu, kitako cha mbao au cha plastiki, hayo yapo kila mahali na sitayarudia. Mimi nina jambo moja limenikaa kooni tangu mwaka juzi, au labda ni mwanzoni mwa ule uliofuata, sikumbuki vizuri: hiyo darubini, na kijana wa huduma kwa wateja aliyenijibu kana kwamba nimevunja kioo cha jirani kwa mpira.

Nilitaka kitu cha kuwindia sungura na njiwa, basi. Mfuko haukuwa mnene, kwa hiyo zile za hewa ya kujazwa niliziweka kando mapema. Bunduki yenyewe unaweza kuipata kwa bei ya kueleweka, lakini inataka hewa iliyogandamizwa hadi bar 200 (kipimo cha mgandamizo) au zaidi, na pampu ya kuifikisha huko ina bei yake na jasho lake. Nikachukua ya springi, ya kukunja mtutu ili kuikoki, yenye tundu la mtutu la milimita 5.5. Hapo sijutii. Ya 4.5 risasi yake inanyooka zaidi, nakubali, na kwa njiwa inatosha kabisa. Lakini kwa sungura naamini risasi nzito yenye kichwa cha mviringo, na hakuna atakayenibadilisha.

Kuhusu kasi inayoandikwa kwenye maboksi, msihadaike. Utakuta futi 1,200 kwa sekunde, wengine wanapandisha hadi 1,300. Namba hizo hupatikana kwa risasi nyepesi za aloi ambazo hakuna anayewinda nazo kwa hiari yake. Tia risasi ya kawaida uone kasi inavyoshuka. Na hata kama ingefika, risasi ikipita kasi ya sauti, ambayo ni kama futi 1,125, inatoa mlio wa kufukuza kila kiumbe kilichokuwa karibu, kisha inaporudi chini ya kasi hiyo inaanza kuyumba njiani. England na Wales, bunduki ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha ina kikomo cha nguvu ya risasi cha futi-pauni 12, yaani jouli 16 na ushee, na watu wanakula sungura kwa hizo hizo. Kinachohitajika ni kupiga kichwa, eneo dogo kama sarafu, ukiwa ndani ya meta 25 au 30. Umbali huo ukizidi, acha mnyama aende zake.

Sasa darubini.

Siku za mwanzo bunduki ilitoa moshi na kishindo, nikajua ni mafuta ya kiwandani yanaungua ndani ya silinda, jambo la kawaida kwa bunduki mpya ya springi. Ikatulia. Nikaweka karatasi kwenye meta 20, matundu yakaanza kukusanyika vizuri, moja juu ya jingine. Nikafurahi, nikaita na watu waje waone. Halafu taratibu yakaanza kutawanyika. Nikakaza skrubu za kitako, maana hizi bunduki zinajilegeza zenyewe na bisibisi ni lazima itembee nawe. Hazikuwa zimelegea. Nikasafisha mtutu, nikabadilisha risasi. Bado. Siku nyingine nikachungulia nikaona msalaba wa kulengea wa ndani umelala upande, ule wa kujumlisha umekuwa wa kuzidisha! Nikaitikisa sikioni: cheke, cheke, cheke. Kioo au pete fulani inatembea humo ndani. Na ukiangalia reli iliyofungiwa, kuna mikwaruzo mirefu miwili inayong'aa pale vishikio vilipokuwa vikiteleza kurudi nyuma kila ninapopiga.

Nikapiga simu. Nimeongea kwa adabu kabisa, salamu, jina, lini nilinunua, tatizo ni hili. Kijana akaguna. Sijui nielezeje ule mguno, ila mtu aliyewahi kudharauliwa kwenye simu anaujua. Akasema, "Mzee, bunduki ya upepo haipigi bega. Hiyo umeiangusha."

Nikamwambia sijaiangusha. Akasema, "Wote wanasema hivyo." Kisha akaniuliza kama nimewahi kushika bunduki kabla ya hii.

Jamani. Mtu anauza bunduki za springi na hajui zinavyofanya kazi! Ukivuta kifyatulio, springi inaachia, pistoni inaruka mbele kwa nguvu, na bunduki nzima inasukumwa nyuma. Mara pistoni inafika mwisho wa silinda na kusimama ghafla, bunduki inatupwa mbele. Mishtuko miwili, inayopingana, kabla risasi haijatoka vizuri mtutuni. Ndiyo maana ya springi haibanwi kama ya baruti: unailaza tu kwenye kiganja, bega unaligusisha kidogo, unaiacha irukeruke inavyotaka. Na ndiyo maana darubini nyingi za bunduki za baruti, zilizojengwa kustahimili msukumo wa kurudi nyuma, huvunjika matumbo zikifungwa kwenye bunduki ya springi. Inatakiwa ile iliyotengenezwa mahususi kwa bunduki za upepo, na kishikio chenye pini ya kuzuia kuteleza. Haya yanajulikana miaka nenda miaka rudi. Lakini kwenye boksi wametupia kimkebe chepesi cha vioo ili picha ipendeze, halafu kikiharibika kosa ni la mnunuzi mwenye mikono ya siagi.

Kilichonikera kuliko mguno ni sungura. Kabla sijagundua msalaba umepinda, nilimlenga mmoja kwa karibu, ametulia, upepo hakuna. Risasi ikampata mguu wa nyuma. Tulimtafuta kwenye majani mpaka giza likaingia, hatukumpata. Mwindaji yeyote anajua hilo linavyokaa rohoni. Kwa hiyo mtu asiniambie darubini ni kitu kidogo.

Nikaifungua nikaitupa kwenye droo. Bahati nzuri mtutu wangu una vilengeo vyake vya chuma, cha nyuma kinazungushika juu na chini, kushoto na kulia. Siku hizi wanaanza kuviondoa kwa kisingizio kwamba kila mtu anatumia darubini, angalieni sana hilo mnapochagua. Nikalenga upya kwa macho yangu. Na hapa ndipo nachanganyikiwa, kwa sababu bunduki yenyewe, ndugu zangu, ni nzuri! Kifyatulio mwanzoni kilikuwa kinakwaruza, kikalainika kwa kutumika. Matundu yamerudi kukusanyika. Kuikunja si kazi, kijana mwenye mkono wa kawaida anaiweza. Njiwa nimepata, sungura nimepata, na wote wamelala palepale. Nilifika mahali nikasema nitaipa nyota nne na kumsamehe yule kijana, maana huenda alikuwa na siku mbaya.

Nikaandika barua pepe, kistaarabu, nikiomba wanirudishie thamani ya darubini peke yake. Jibu likaja fupi: darubini ilikuwa "zawadi", na zawadi haina dhamana.

Zawadi! Iliyochapishwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kuliko jina la bunduki? Ile ile bunduki isiyo na darubini inauzwa kwa bei ya chini zaidi, nimeona kwa macho yangu, sasa zawadi gani hiyo inayoongeza bei? Hapo nyota nne zikayeyuka.

Ukiniuliza kama uinunue, nitakwambia ndiyo, lakini chukua isiyo na darubini, yenye vilengeo vya chuma, na pesa iliyobaki nunua risasi nzuri za aina tatu nne uone mtutu wako unapenda ipi, kwa sababu kila mtutu una ladha yake. Usiipige bila risasi ndani, pistoni itagonga silinda bila kitu cha kuizuia. Usiiache imekokiwa usiku kucha. Ukitaka darubini baadaye, uliza kwanza kama inavumilia springi, na ukigunwa, ondoka dukani.

Nyota mbili. Moja ya mtutu, moja ya kifyatulio. Wakinirudishia hela ya darubini nitaongeza ya tatu, mimi si mtu wa kinyongo. Wasiponirudishia, na nikikaa nikaukumbuka tena ule mguno, huenda nikarudi hapa kuiondoa ya kifyatulio.