Miaka minne niliuziwa gesi, kumbe AC ilitaka kuogeshwa

Tunakaa Mbezi Beach, upande wa chini wa Barabara ya Bagamoyo, ule wa baharini. Anayepajua anajua: mtaa hauna lami, vumbi linapanda hadi kwenye dari, na usiku upepo unaleta chumvi inayokula mabati, bawaba za geti na chochote cha chuma. Humo tuna AC tatu. Ya chumbani kwetu ni BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ya sebuleni 18,000, na kuna kadogo ka 9,000 chumba cha wageni ambako hata sijui kwa nini tulikanunua.

Kwa miaka minne utaratibu wetu ulikuwa mmoja. Kaskazi ikianza kuvuma, Novemba au Desemba, AC ya chumbani inaanza uvivu. Unaweka nyuzi 18, feni inapuliza, ubaridi wenyewe wa kubembeleza. Namwita fundi wa mtaani, anafunga geji yake ya kupima presha kwenye mashine ya nje, anaitazama, anatikisa kichwa: "Mama, gesi imepungua." Anaongeza, nalipa elfu themanini, siku nyingine laki, chumba kinapoa. Februari haijaisha tumerudi pale pale. Wala sikuwa na kinyongo naye. Niliamini gesi ya AC ni kama ya kupikia, ukitumia inaisha, unajaza.

Mwaka jana mambo yakachachamaa. Maji yakaanza kudondoka kutoka mashine ya ndani, tone tone, juu ya kimeza cha pembeni ya kitanda. Dada wa nyumbani akatega ndoo. Ikafuata harufu: ukiwasha, dakika tano za mwanzo chumba kinanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Asubuhi moja nikaona barafu, barafu kabisa, imeganda kwenye bomba la shaba kule nje. Nikafurahi kidogo, nikidhani ndiyo dalili ya kupoza sana. Baba watoto akanicheka, ingawa naye hakujua maana yake.

Jirani akanipa namba ya kampuni moja ndogo ya viyoyozi. Sitaji jina lake, nisije nikaonekana nimelipwa. Wana mkataba wa mwaka: wanakuja kila baada ya miezi mitatu, shilingi 35,000 kwa kila mashine. Kwa AC tatu mara nne ni 420,000. Nilipopiga hesabu hiyo nilinyamaza siku mbili. Kilichonifanya nikubali ni kujumlisha nilichokuwa nimempa fundi wa gesi, jumla ambayo sitaiandika hapa kwa sababu baba watoto anasoma.

Siku ya kwanza walikuja vijana wawili na fundi mmoja mtu mzima, mpole. Nilitegemea atoe geji. Hakutoa. Aliomba kiti, akawasha AC, akasubiri robo saa, akachomeka kipimajoto sehemu hewa inapoingia, kisha inapotoka. Inaingia 29, inatoka 21. Akaenda nje akaubana waya wa umeme kwa kile kipimo chenye meno kama mkasi, akaandika 6.4 kwenye daftari. Hizo ni ampea. Ndipo akafungua mfuniko wa mashine ya ndani, akaniita nichungulie kwa tochi ya simu.

Filta nilikuwa nazifahamu, na kila nikikumbuka nazisuuza. Sikujua kwamba nyuma ya filta kuna koili, yale majani membamba ya alumini yaliyopangana kama kurasa za kitabu, na chini yake kuna feni ndefu ya mviringo. Feni ile ilikuwa imevaa koti. Kila jani lake lilikuwa na ukungu mweusi na vumbi lililoganda kama masizi ya jikoni. Nilikuwa nalala chini ya kitu kile.

Wakatundika mfuko mpana wa plastiki kuizunguka mashine, wenye bomba la kushusha maji kwenye ndoo, wakafunika sehemu ya umeme kwa nailoni na gundi, wakaanza kuosha kwa pampu ndogo. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama ya kuoshea sufuria la mkaa. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu ndiyo ikaanza kuonyesha rangi ya maji. Bomba la kutolea maji lilikuwa limezibwa na utelezi kama wa konokono. Walilipuliza, likatema, na kile kilio cha kimeza changu kikaishia hapo.

Nje ndiko kulikonisikitisha. Kwa sababu ya chumvi, majani ya alumini ya mashine ya nje yalikuwa yanapukutika unga mweupe kwenye kona. Fundi aliosha kwa maji baridi ya bomba, akipiga wima, akanionya nisimruhusu mtu kupiga maji ya nguvu kwa ubavu maana majani yanalala na hewa haipiti tena. Akanionya pia kuhusu wanaopulizia dawa kali ya tindikali: inang'arisha siku hiyo, halafu inamalizia kazi ya chumvi. Karibu na baharini, alisema, mashine ya nje imwagiwe maji safi hata katikati ya ziara zao, breka ikiwa imezimwa. Ndani ya boksi la umeme tulikuta mjusi amekauka, amekumbatia waya. Inaonekana hilo ni jambo la kawaida sana, kwa sababu fundi hakushtuka hata kidogo. Alimtoa kwa koleo akaendelea na hadithi yake ya Simba na Yanga.

Baada ya kuosha ndipo akafunga geji. Nikamuuliza, gesi imepungua kiasi gani? Akanitazama kwa huruma. "Mama, AC haili gesi."

Alinieleza taratibu na naomba niyarudie, kwa kuwa ndiyo yaliyonifungua macho. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inakwenda na kurudi ile ile. Kama mabomba hayavuji, mashine inaweza kukaa miaka kumi bila kuongezwa hata gramu. Ikipungua kweli, kuna tundu, na tundu huzibwa kwanza. Sasa, koili ya ndani ikizibwa na uchafu, hewa ya chumba haiigusi vizuri, joto haliingii kwenye gesi, presha inashuka, unyevu unaganda kuwa barafu, na barafu inazidi kuziba. Fundi mvivu akifunga geji hapo anaona presha iko chini, anasema gesi imepungua. Geji haikudanganya, ila ugonjwa wenyewe ulikuwa uchafu.

Na kwa nini basi chumba kilikuwa kinapoa kila akimaliza? Kwa sababu alikuwa anaizima mashine saa nzima, barafu inayeyuka, na anazipiga filta makofi mawili ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba yangu ya laki moja.

Kwangu ikaonekana gesi imezidi. Kwenye kibati cha mashine ya nje kumeandikwa uzito unaotakiwa, gramu 980 za R410A, ndiyo aina ya gesi yake. Akaivuta yote kwa mashine ikaingia kwenye mtungi wake, hakuiachia hewani, akaipima: kilo moja na robo. (Kwa hela niliyotoa miaka minne nilitegemea iwe imejaa hadi kupasuka. Nadhani kuna siku niliongezewa pumzi ya mdomo.) Akavuta hewa yote kwenye mabomba kwa pampu, zaidi ya nusu saa, kisha akarudisha gesi kwa mizani. Kazi hiyo ilikuwa nje ya mkataba, nikalipa 70,000. Nililipa bila kununa, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijua nalipia nini.

Vipimo vya mwisho: hewa inaingia 29, inatoka 15. Ampea 5.1.

Kuhusu LUKU, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, mimi si mtu wa kuamini "utaokoa umeme", kila mfanyabiashara anasema hivyo. Wiki moja kabla hawajaja nilikuwa nimeanza kusoma mita saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, nikiandika kwenye kalenda. Nyumba nzima, friji ikiwemo, tulikuwa tunakula yuniti kama 11 kwa usiku. Wiki iliyofuata, joto lile lile la Februari, ikawa 7 na nusu hivi. Sababu unaisikia kwa masikio: zamani mashine ya nje ilikuwa inanguruma hadi alfajiri bila kupumzika, kwa vile chumba hakifikii ubaridi ulioagizwa. Siku hizi saa sita usiku inakata, inakaa kimya, inawaka tena. Na hatuweki 18 tena, 25 inatosha na baba watoto anajifunika shuka. Kwa bei yetu ambayo shilingi 10,000 inanipa yuniti 28 hivi, usiku mmoja naokoa kama 1,250. Hela ya kuosha mashine ile moja inarudi ndani ya mwezi, msimu wa joto. Msimu wa kusi, Juni hadi Agosti, tunafungua madirisha na hesabu hiyo haipo, tusidanganyane.

Ya sebuleni ilikuwa na kisa tofauti. Ile kweli ilikuwa inavuja. Walipaka povu la sabuni kwenye maungio, kwenye nati moja ya shaba povu likaanza kupumua. Mtu aliyeifunga siku ya kwanza hakuibana sawasawa. Kwa hiyo simaanishi kila anayesema gesi imepungua ni mwongo. Muulize tu inatokea wapi, na akuonyeshe povu.

Manung'uniko yangu ninayo. Wakisema saa tatu, jua ni saa tano, na simu hawapokei wakiwa njiani. Ziara ya tatu alikuja kijana mgeni ambaye aliosha ndani vizuri, kisha akataka kuondoka bila kugusa mashine ya nje ya chumbani kwa sababu iko juu na hakubeba ngazi. Nilimwambia, mwanangu, nimelipia ya ndani na ya nje. Akaenda kuazima ngazi kwa jirani. Tangu hapo nasimama nao, na namtaka kila anayekuja aandike joto la kuingia na la kutoka, kabla na baada, kwenye karatasi ile ile niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa bila kuombwa, hilo nawapa sifa. Ukuta wa chumbani una michirizi miwili ya maji machafu ambayo waliahidi kuja kuifuta, na bado iko.

Vilevile wasikufanye uamini kwamba wao wakija kila miezi mitatu wewe unakaa tu. Filta kwa mtaa wenye vumbi kama wetu ni kila wiki mbili. Kazi hiyo nimempa kijana wangu wa darasa la sita: Jumamosi anazima breka, anachomoa, anasuuza kwa maji na sabuni kidogo, anakausha kivulini. Alizianika juani mara moja, fremu ikajikunja kama samaki mkavu, ikabidi tununue nyingine. Maji ya bomba la kutolea tunayakinga kwenye ndoo, dada anadekia nayo varanda na yanayobaki yanakwenda kwenye mchaichai.

Na kama umeme wa kwenu unapanda na kushuka kama wetu, funga kile kifaa cha kulinda AC kinachokata na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Fundi alikitaja siku ya kwanza, nikapuuza, Aprili kapasita ikafa. Kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ni kitu cha bei ndogo na kilibadilishwa siku hiyo hiyo, ila nilipewa hotuba.

Mwaka wa pili nimeshaulipia, kwa AC mbili. Kile cha chumba cha wageni nimekitoa kwenye mkataba, maana katika ziara nne kilikuwa kimewashwa usiku sita. Wakwe wanakuja Desemba, nitawaita wakioshe mara moja wiki moja kabla, na mjusi atakayekutwa humo atoke kabla hawajafika.