Matembezi ya Gion, Kyoto, pamoja na mwongozaji: uzoefu wangu

Wengi wanaoniuliza kuhusu matembezi ya Gion, mtaa wa geisha mjini Kyoto, Japani, huanza na swali moja: nitawaona geisha, wale wasanii wa kike wa ngoma na muziki, au sitawaona? Huenda ukawaona, huenda usiwaone, na mwongozaji anayekuahidi kwamba lazima utawaona mkimbie. Pesa yangu ilinunua kitu kingine, na ningeilipa tena bila kusita. Nilifundishwa kusoma nyumba zilizofunga milango yake.

Nilitoka Osaka kwa treni ya Keihan, safari isiyotimiza saa moja, kwa hiyo si lazima ulale Kyoto. Tulikutana jioni mbele ya Minamiza, jumba la kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, lililo jirani kabisa na kituo cha Gion-Shijo. Mwongozaji alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa mji huohuo. Kundi letu lilikuwa dogo kiasi kwamba aliongea kwa sauti ya kawaida na kila mtu akasikia. Hili ndilo jambo la kwanza la kuuliza kabla ya kulipa: mtakuwa watu wangapi? Vile vichochoro havivumilii msafara.

Mama huyo hakuanza na geisha, alianza na mahujaji. Gion imekua pembeni ya hekalu la Yasaka, la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, ambalo sherehe yake ya Julai, Gion Matsuri, chimbuko lake ni mwaka 869, watu walipoomba maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza yaondoke. Wanaokwenda kuabudu huchoka na kuona kiu, basi njiani vikaota vibanda vya chai. Baadaye chai ikaleta pombe, pombe ikaleta muziki na ngoma, na waliokuwa wahudumu wakawa wasanii. Kuanzia hapo nikaelewa kwa nini nyumba wanakoburudishia wageni hadi leo zinaitwa ochaya, nyumba za chai, wakati kinachomleta mtu si chai.

Tulianzia kwenye kijito cha Shirakawa. Upande mmoja nyumba za mbao zimekaa juu ya maji, madirishani zimeteremshwa pazia za matete. Upande wa pili kuna njia ya mawe, mierebi na micheri tu. Nilidhani uliachwa wazi kwa ajili ya uzuri. Kumbe nyumba zilikuwepo, zikabomolewa mwaka 1945 ili moto ukizuka kwa mabomu usipate pa kupitia. Eneo hili limelindwa kisheria tangu 1976. Kwenye daraja la Tatsumi kuna kihekalu kidogo ambako geiko, kama geisha wanavyoitwa Kyoto, huenda kuomba wafanikiwe katika sanaa yao, na inasimuliwa kwamba aliyewekwa pale ni tanuki, mnyama mjanja aliyekuwa akiwachezea akili wapita daraja mpaka wajikute majini. Watu wanaopiga picha za harusi wamejaa hapo, tulipita haraka.

Utamu wote uko Hanamikoji, ng'ambo ya pili ya barabara kubwa ya Shijo. Kwenye kona yake umesimama ukuta mwekundu wa Ichiriki, ochaya maarufu kuliko zote. Nyaya za umeme zimefukiwa chini, njia imetandikwa mawe, na nyumba zimefuatana kwa mbao nyeusi na nondo nyembamba za mbao madirishani. Peke yangu ningepita pale kwa muda wa dakika kumi, nikapiga picha nikaondoka. Mama alitusimamisha mbele ya nyumba moja isiyo na maandishi yoyote ya biashara, akatuuliza tunaona nini. Hatukuona kitu. Akaanza kutuonyesha: huo uzio mfupi wa mianzi iliyopindwa na kuegemezwa ukutani unazuia matope ya mvua na mikojo ya mbwa, na pia humzuia mtu kujibanza ukutani asikilize ya ndani. Taa nyekundu ya karatasi yenye duara nyeupe zilizoungana ni alama ya Gion Kobu, mtaa wa geiko tuliokuwemo. Ukienda Pontocho, mtaa mwingine wa geiko, utakuta ndege, na Miyagawacho, mwingine tena, duara tatu zilizopishana. Kule mlangoni, juu, vile vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa wima ni majina ya wasichana na wanawake wanaoishi humo. Hapo ukajua kwamba ile ni okiya, nyumba wanamolelewa na kufundishwa, wala haihusiani na kupokea wageni.

Kisha akaeleza jinsi biashara inavyokwenda, na hapo ndipo nilipoona thamani ya kuwa na mwenyeji. Ochaya haipiki. Chakula huagizwa kwa wapishi wa nje, geiko huitwa kutoka okiya zao, hata teksi ya mgeni huitwa na kulipiwa na nyumba, na bili humfikia mgeni baadaye. Usiku ule hakuna anayetoa pochi. Kwa utaratibu huo mtu asiyefahamika hawezi kupokelewa, awe na fedha kiasi gani, kwa sababu lazima awepo mteja wa siku nyingi aliyemleta na atakayebeba aibu na deni lake. Zamani muda wa kukaa na geiko ulipimwa kwa vijiti vya udi: kikiisha kimoja, kinahesabiwa. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba milango ya Gion imefungwa kwa majivuno. Kwa maelezo yale niliona ni milango ya watu wanaofanya biashara kwa kuaminiana.

Na ndiyo, tulimwona mmoja. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni, wakati wanapokwenda kwenye miadi yao. Kwanza tulisikia viatu virefu vya mbao vikigonga mawe, kisha akatokea kwenye uchochoro. Mama hakumnyooshea kidole. Alitusogeza ukutani, akainamisha kichwa, akanyamaza. Binti akarudisha heshima bila kupunguza mwendo akapita. Alipotoweka ndipo tukaelezwa tulichokiona: kola yake nyekundu na mkanda wa kimono unaoning'inia mgongoni hadi karibu na vifundo vya miguu vinaonyesha ni maiko, mwanafunzi. Chini kabisa ya mkanda huo, wenye urefu wa zaidi ya mita 5, kuna nembo ya okiya yake. Nywele ni zake mwenyewe, zimesukwa na kupambwa, na hulalia mto wa juu ili zisiharibike. Geiko aliyehitimu huvaa wigi. Kisogoni rangi nyeupe ilikuwa imeacha mistari miwili ya ngozi tupu. Kabla ya kuanza rasmi, maiko hufungishwa udada na geiko mkubwa kwa kunyweshana vikombe vya sake, pombe ya mchele, na huyo ndiye anayekuwa somo wake, mara nyingi akimpa hata sehemu ya jina lake.

Kijana mmoja kwenye kundi aliuliza lile swali ambalo nasi huku hulifikiria: je, hawa si makahaba wa hadhi? Nilipenda jibu la mwongozaji. Alisema geiko anauza ngoma, muziki na mazungumzo, lakini hakudai kwamba mitaa hii haikuwahi kuwa na biashara ya miili. Ilikuwepo, na Japani iliipiga marufuku kwa sheria ya 1956 iliyoanza kutekelezwa kikamilifu 1958. Kisha akaongeza jambo ambalo hakulazimika kulisema: mwaka 2022 aliyewahi kuwa maiko alieleza hadharani mtandaoni kwamba alinyweshwa pombe na kunyanyaswa na wateja akiwa bado mtoto, wakati umri halali wa kunywa Japani ni miaka 20. Maiko huweza kuanza wakiwa na miaka 15 tu. Kwangu hilo ni zito. Anayekutembeza akikupa urembo wa kimono akakunyima habari hiyo, amekuuzia nusu.

Kasoro zipo. Hekalu la Kennin-ji, la Wabudha wa madhehebu ya Zen, lililoanzishwa mwaka 1202, lipo mwisho wa Hanamikoji, lakini jioni limefungwa, na sisi tuliishia getini. Yasaka tuliipitia mbiombio. Pia tulipishana na kundi la kampuni nyingine, watu wengi wakifuata bendera, wawili wakimkimbilia geiko na simu mkononi huku mwongozaji wao akitazama tu. Iliniuma. Ni tabia hiyo iliyowafanya wakazi waweke mabango mwaka 2019 ya kukataza picha kwenye njia za watu binafsi, na tozo ya yeni 10,000, na mwaka 2024 wakafunga kabisa baadhi ya vichochoro kwa watalii. Hanamikoji yenyewe ni barabara ya umma na iko wazi. Mwongozaji wetu hakutuingiza kwenye kichochoro chochote chenye bango, hata kilipokuwa kitupu.

Ukienda, chukua ya jioni, vaa viatu laini kwa sababu ya mawe, na ya mchana waachie wenye watoto wadogo. Kennin-ji iendee mwenyewe asubuhi. Na kama shida yako hasa ni kuwaona geiko na maiko uso kwa uso, kwa nafasi na kwa ridhaa yao, panga safari iangukie Aprili, mwezi wa Miyako Odori, maonyesho ya ngoma yaliyoanza mwaka 1872 baada ya Kyoto kupoteza hadhi ya mji mkuu. Humo huhitaji mdhamini, unakata tiketi kama mtu mwingine yeyote. Chagua ile yenye chai: kabla ya onyesho unaandaliwa chai ya kijani na geiko, ukiwa umekaa mbele yake.