Citroën DS 19 ya Norev, 1:18: angalia kwanza inavyokaa

Wadau habari zenu, karibuni tena mezani. Leo nina hiki hapa, ngoja nikisogeze kwenye mwanga… haya. Modeli ya gari la Kifaransa, Citroën DS 19, kipimo cha 1:18, yani imepunguzwa mara 18 kuliko gari halisi, ya kampuni ya Norev, nyeusi. Nimeisubiri muda mrefu hii kwa hiyo leo sitakimbia, kaeni na chai zenu.

Kabla sijagusa mlango wowote naomba kamera ishuke, ishuke kabisa iwe usawa wa meza. Hapo hapo. Sasa angalieni inavyokaa. Watu wengi wakinunua modeli wanauliza kwanza vinafunguka vitu vingapi, milango mingapi, boneti je, buti je, na mimi nawaelewa, ila kwa DS nakwambia ukweli kama kimo kimekosewa hata ifunguke mpaka tanki la mafuta haitakuwa DS, itakuwa gari nyingine imevaa sura yake.

Sababu yenyewe ni hii. DS halisi haina springi za chuma kama gari zingine. Inakaa juu ya matufe yenye gesi ya nitrojeni, na chini ya gesi kuna mafuta yanayosukumwa na pampu ya injini, mtambo huo aliufikiria fundi mmoja wa Citroën anaitwa Paul Magès. Ukiizima ukaiacha usiku kucha, asubuhi unaikuta imelala, tumbo karibu liguse sakafu. Ukiwasha inasubiri kidogo, alafu inanyanyuka, nyuma kwanza, kama ngamia. Kuna na kiwenzo cha kuipandisha juu zaidi kwa barabara mbovu au ukitaka kubadilisha tairi. Kwa hiyo gari moja ina vimo kadhaa na mtengeneza modeli lazima achague kimoja tu, ndo kazi ilipo. Norev wamechagua kimo cha barabarani, pua iko chini, tairi la nyuma limemezwa na bodi kiasi kwamba sehemu yake ya juu huioni, na mstari wa paa unashuka taratibu mpaka nyuma bila kuvunjika. Mimi hapa nimeridhika kabisa, yani nikiitazama kwa jicho moja hivi naiona imetoka Paris sasa hivi inaenda mikoani.

Na nyuma ni nyembamba kuliko mbele, hamjakosea kuona. Kwenye gari halisi matairi ya mbele yameachana kama mita 1.5 na ya nyuma mita 1.3. Modeli za bei rahisi huwa zinasawazisha hapo, sijui kwa nini wanaona ni kosa la kurekebisha, hii wameacha kama ilivyo na hongera kwao.

Sasa ndani. Sogea, sogea dirishani. Unaona usukani? Mkono mmoja tu unaoshika duara, mmoja, sio mitatu wala minne. Mwaka 1955 hicho kitu! Na pale sakafuni, ngoja nimulike na tochi ya simu, DS haina pedeli ya breki ya kawaida, ina kitufe kama uyoga, unakigusa tu kwa unyayo. Alafu tazama kona za juu za kioo cha nyuma, hizi koni mbili ni indiketa. Bertoni, Muitaliano aliyeichora, alikuwa mchongaji wa sanamu, na mimi nikipitisha kidole hapa kutoka paa mpaka buti naelewa kabisa kwa nini.

Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Paris, tarehe 5 Oktoba 1955, mpaka jioni walikuwa wameshapokea oda kama 12,000. Siku moja. Vita vimeisha miaka kumi tu nyuma, watu wanaendesha magari yenye umbo la sanduku, ghafla hii. Na jina ukitamka herufi zake Kifaransa, D na S, linatoka neno la mungu wa kike. Tena 22 Agosti 1962 pale Petit-Clamart, karibu na Paris, watu walimvizia Rais de Gaulle wa Ufaransa kwa bunduki, matairi yakatobolewa, na DS ikaendelea kwenda ikamtoa yeye na mkewe salama. Ndo maana nimechukua nyeusi, kama ile yake.

Sasa kwa mnaotaka kununua, hasa mitumba, jifunzeni kusoma mwaka kwenye sura. Kama mbele kuna taa mbili za duara zinaonekana wazi, hiyo ni ya mwanzo. Zile za taa nne nyuma ya kioo, ambazo za ndani zinageuka ukikata kona, zilianza 1967. Na fungua boneti: yale mafuta ya matufe mwanzoni yalikuwa mekundu, yale ya kijani yalikuja 1966 na matufe yakapakwa kijani. Ukiuziwa DS ya 1956 yenye matufe ya kijani, hapo kuna mtu amechanganya, uliza vizuri kabla hujatoa hela.

Norev wenyewe ni wa huko huko Ufaransa, walianzia Villeurbanne karibu na Lyon mwaka 1946. Walioianzisha ni familia ya Véron, wakaligeuza jina kinyumenyume. Zile zao za zamani za 1:43 zilikuwa za plastiki na plastiki ile inapinda ikizeeka, ukiona paa limebonyea au bodi limejikunja usidhani lilikanyagwa. Hii ya leo ni chuma, ina uzito, urefu kama sentimita 27.

Yangu ilifika na saiti mira moja imeng'oka, muuzaji wa mtandaoni alifunga boksi bila kuweka kitu cha kuzuia mtikisiko. Ikikutokea usikimbilie supaglu! Moshi wake unaacha ukungu mweupe kwenye vioo na kromu na kuutoa ni kazi. Chukua gundi nyeupe ya mbao, kijiti cha meno, tone dogo sana, alafu shikilia ukihesabu mpaka mia. Mnaona? Huwezi jua ni ipi.

Kama mfuko hauruhusu, Citroën 2CV ya kampuni ya Solido, kipimo hichohicho, ni nafuu zaidi, vitu vichache vinafunguka lakini sura iko sawa. Na kwa sisi wa Afrika Mashariki tafuteni Pijo 404, hata ya 1:43, maana ile ilishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Hiyo nitaileta siku yake, inastahili.

DS hii nunueni. Kama ni modeli moja tu ya Kifaransa utakayokuwa nayo maishani, iwe hii. Ila ukishaipata usiiache imekaa na tairi zake moja kwa moja juu ya stendi ya plastiki miaka na miaka, mpira unakula plastiki na vyote viwili vinaharibika. Kata vipande vinne vya karatasi ya kuokea mikate, weka chini ya kila tairi, hivi… moja, mbili, tatu, na hii ya nyuma ngoja niinue kidogo. Sawa.