Toleo la jana la faili: diski ya nje au Google Drive?

Karani wa ofisi ya klearingi pale Moi Avenue, Mombasa, amehifadhi orodha mpya ya makontena juu ya ile ya jana, na mteja anaitaka ile ya jana. Ataitoa wapi?

Kama kuna diski ya nje na File History ya Windows (huduma inayotunza nakala za faili kwenye diski hiyo) imewashwa, kazi ni nyepesi. Anabofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, anachagua matoleo ya awali, anaangalia tarehe na saa ya kila toleo, anarudisha. Isipobadilishwa mpangilio, Windows hunakili kila saa faili zilizoguswa, na matoleo hayo hukaa bila kikomo ilimradi diski ina nafasi. Bando haliliwi hata kidogo. Ila kompyuta ikivamiwa na programu ya kudai fidia (ransomware, inayofunga faili mpaka ulipe), diski inayoshinda imechomekwa nayo hufungwa pamoja nayo. Mwizi naye hubeba vyote viwili. Na hewa ya chumvi ya huku Pwani, mnaijua wenyewe.

Google Drive, hifadhi ya mtandaoni, haijali mwizi wala chumvi. Lakini kwa faili zisizo za Google, mfano PDF, toleo la zamani huweza kufutwa baada ya siku 30 au yakifika matoleo 100, isipokuwa ulitie alama ya kuhifadhiwa daima. Nani hukumbuka?

Mimi kwa ofisi kama hiyo ningeanza na diski, ichomolewe jioni, halafu hesabu na mikataba tu ndiyo ipande Drive.