Nyumba mpya au ya mkono wa pili Nairobi? Mimi naona hivi

Jamani kama unanunua nyumba Nairobi usikimbilie rangi mpya. Apatimenti mpya za Kilimani na Kileleshwa ni safi kweli, lifti, jenereta, kisima, na ukinunua ikiwa bado ni ramani tu bei inakuwa chini na unalipa pole pole. Lakini hapo unalipia kitu hujaona. Dada yangu aliambiwa miezi 18, akangoja karibu miaka 3 huku analipa rent kwingine, na kupewa funguo, akioga maji yanatembea mpaka sebuleni kwa sababu fundi aliinamisha sakafu upande mbaya. Iliniuma sana.

Ya zamani, tuseme mezoneti (nyumba yenye ngazi ndani) ya Buruburu ya miaka ya 70, unaikagua na macho yako. Fungua mifereji yote asubuhi, angalia dari chini ya tenki kama ina madoa, uliza jirani maji huja siku ngapi kwa wiki. Shida ni waya za stima zimechoka na mabomba ya chuma yamekula kutu, hiyo pesa ya fundi itenge mapema. Pia lisi, yaani muda ardhi imekodishwa, kama ni ya miaka 99 hesabu iliyobaki.

Stempu dyuti, ile kodi ya kuhamisha umiliki, mjini ni asilimia 4, iwe nyumba mpya au ya zamani. Kwa apatimenti mpya dai hati ya nyumba yako mwenyewe, sheria ya 2020 inaruhusu.

Mimi ningechukua ya zamani, bora paa liwe zima.