Hoteli isiyouza pombe, njia ya viwanda vya mbao, Mafinga

Nimekula hapa mara nane tangu Januari, kila ninapokuja Mafinga kufuata mbao za duka langu la Mbeya. Naandika kwa ajili ya madereva, wanunuzi wa mbao na yeyote anayepita barabara ya Iringa na Mbeya akiwa na njaa na baridi ya Mufindi imemwingia.

Kibao cha jina hakuna. Ukishuka stendi, mwambie bodaboda akupeleke kwenye hoteli isiyouza pombe, wote wanaijua. Ni mabanzi na mabati, meza sita, jiko la kuni nyuma. Agiza makande. Mahindi yamekobolewa vizuri, maharage yameiva mpaka yanapasuka, na wanakukatia parachichi nusu pembeni, yote kwa shilingi 2,000. Chai ya maziwa ina tangawizi ya kweli. Ugali wa dona na chainizi ni mzuri pia. Nyama ya kukaanga iache, mara mbili nimeikuta ngumu. Kuku anachukua karibu saa nzima, kwa hiyo kama gari lako linapakia, usimwagize.

Lakini kinachonirudisha pale ni daftari.

Liko kaunta, la mistari, jalada limechakaa. Jumamosi vijana na wazee wa viwandani wakilipwa wanapita hapo, na anayetaka anaacha hela ya chakula cha watoto wake cha wiki inayofuata. Mama naye anaweza kuja kuweka. Mtoto akitoka shule anataja jina lake, mama wa jikoni anatia alama kwenye mstari, anamwambia, "Imeshalipwa, kaa ule." Hasemi imelipwa na nani. Hamuulizi baba yuko wapi.

Mimi ni mtoto wa mlevi, na neno hilo "imeshalipwa" lilinikalisha kimya mara ya kwanza nilipolisikia. Nimekulia Kilolo, wa kwanza kati ya saba. Baba alikuwa mpasua mbao, na akilipwa, hela haikulala nyumbani. Masika ulikuwa ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi. Asubuhi ukigemwa bado ni mtogwa, mtamu, hata sisi watoto tulilamba mbeta, vile vibuyu vya mianzi vya kugemea. Jioni baba alitaka mkangafu, ule uliochacha na kuwa mkali. Ulanzi ukikata kiangazi, alihamia kwenye komoni, pombe ya nafaka. Mama alikuwa akinituma, "Nenda kamwite baba yako kabla hazijaisha." Nilisimama mlangoni mwa kilabu, sikuthubutu kuingia, nikamwangalia mkono wa kulia. Ukiwa bado mfukoni, ameishika hela, nilikuwa na nafasi ya kumsihi. Ukiwa juu ya goti, nilirudi nyumbani bila kumsalimu.

Daftari tulilolijua sisi lilikuwa la dukani. Mwenye duka alilifungua mbele ya wateja, akasoma kwa sauti: chumvi, mafuta ya taa, sukari robo, "mwambie baba yako deni limefika elfu tatu." Nilikuwa darasa la nne. Watu waliokuwepo siku ile wengine bado nakutana nao misibani.

Mwenye hoteli, ambaye wote wanamwita Mzee, naye alikuwa akibeba magogo na kunywa, akaacha mwaka 2012. Juu ya ndoo ya maji ya kunawa ametundika picha ya kuchorwa ya mzungu mwembamba. Aliipewa na padri. Ni Matt Talbot, mbeba mizigo wa Dublin, Ayalandi, aliyezaliwa mwaka 1856. Mzee anampenda kwa sababu yule naye alifanya kazi kwenye yadi ya mbao.

Nilikwenda kumsoma zaidi, nikakuta nyumba ninayoijua. Alikuwa wa pili kati ya watoto kumi na wawili. Baba yake, Charles, alikuwa mnywaji, na familia ilihama nyumba hadi nyumba. Matt akiwa na miaka 12 alipata kazi kwa mfanyabiashara wa mvinyo, akaanza kunywa hapo hapo. Alipokuwa mlevi kamili aliwahi kumwibia fidla yake mpiga muziki kipofu wa mitaani ili apate ya kunywea. Mwaka 1884 alisimama nje ya baa hana senti, akingoja marafiki aliokuwa akiwanunulia wamkaribishe. Wakampita. Akarudi kumwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka nadhiri ya kuacha. Aliiweka ya miezi mitatu kwanza. Hakunywa tena mpaka alipofia njiani akienda kanisani mwaka 1925, na mwaka 1975 Kanisa likampa cheo cha Mtumishi Mstahiki, hatua mojawapo ya kuelekea kutangazwa mtakatifu.

Mzee anamsimulia kama mtu aliyeacha pombe. Mimi nilimwambia, "Shikamoo Mzee, mimi namwona mama yake." Kumi na wawili, mume anakunywa, na wana karibu wote wanamfuata baba yao. Mzee alinyamaza, kisha akasema ndiyo maana ya daftari: hela ikifika hapa kwanza, watoto wamekula, yatakayotokea kilabuni baadaye ni ya baba peke yake. Nilimuuliza kama kweli kina baba wanalipa. Akanigeuzia ukurasa. Wengi ni kina mama. Wanaume niliwahesabu tisa, na tisa si haba.

Ya kurekebisha yapo. Moshi wa jiko unaingia ndani upepo ukigeuka. Choo kiko mbali na hakina taa. Jumapili hawafungui mpaka misa iishe, na makande huisha kabla ya saa nane, kwa hiyo wahi.

Wiki iliyopita nilikaa meza ya karibu na kaunta. Aliingia mvulana wa miaka kama tisa, sweta la shule limetoboka viwiko vyote viwili. Alinawa, akasema jina lake kwa sauti ndogo sana, akatazama chini. "Imeshalipwa, kaa ule." Akaletewa wali maharage. Alikula nusu, akainua sahani, akaomba mchuzi zaidi, safari hii kwa sauti niliyoisikia hata mimi. Akaongezewa.